Futi 150 za Ziwa Winnipesaukee

Wasemaji wa Kiswahili waliohamia jimbo la New Hampshire huko Marekani, aghalabu kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, wakafanya makazi yao Manchester na Concord, hawakosi kulisikia kila kiangazi kikiwadia jina la Winnipesaukee, ziwa kubwa kupita yote jimboni humo, lenye visiwa zaidi ya 250. Na mtu akisimama na wanawe kwenye ufuko wa Weirs Beach, akaiona boti ya fahari ikipita kwa kishindo karibu na waogao, si ajabu ajiulize kama mwenye chombo kile ana haki kumshinda yeye.

Hana. Sheria ya jimbo imeyafanya maziwa yote ya asili yenye eka 10 au zaidi kuwa amana iliyo mikononi mwa serikali kwa manufaa ya umma, wala mwenye jumba la ufukoni hamiliki maji yaliyo mbele ya baraza yake. Basi aliyekodi mtumbwi kwa saa moja na aliyenunua boti kwa mali nyingi wamo ziwani kwa haki moja.

Kuhusu mwendo, wenyeji walihasimiana miaka mingi. Wapenda kasi walitoa hujja kwamba ile kanuni ya nahodha kwenda kwa busara kadiri ya hali ya maji yatosha, na kwamba maafa huletwa na ulevi na kutoangalia mbele kuliko mwendo wenyewe. Wapinzani wao wakajibu kuwa hofu peke yake, hata pasipo ajali, imekwisha kuwafukuza wapiga makasia. Mwaka 2008 Gavana John Lynch akaitia sahihi sheria ya majaribio kwa Winnipesaukee, ikaanza kutumika 2009, na 2010 ikafanywa ya kudumu: maili 45 kwa saa mchana, na 30 usiku, usiku wenyewe ukihesabiwa tangu nusu saa baada ya jua kuchwa hadi nusu saa kabla halijachomoza.

Kwa maoni yangu, kelele za hiyo 45 zimeifunika kanuni nyingine, iliyotangulia na yenye kumfaa muogaji zaidi, nayo ni kwamba kila chombo kilicho ndani ya futi 150 za muogaji, chombo kingine, gati au ufuko, sharti kiende kwa maili 6 kwa saa, au kwa mwendo mdogo kabisa ambao usukani bado unatii. Hesabu yake ni nyepesi: maili 45 kwa saa ni kama mita 20 kwa kila sekunde, na futi 150 ni mita 46 hivi, kwa hiyo nahodha angojaye kukuona ndipo apunguze, amebakiwa na sekunde mbili na kitu. Kanuni hii haikuwekwa kwa ajili ya Winnipesaukee tu, bali yafuatwa jimbo zima, na yakukinga kadhalika na mawimbi ya mkia wa boti, ambayo hupindua mitumbwi bila ya chombo chochote kugusana.

Ukivunjiwa haki hiyo, usimfukuze mtu majini wala usitukanane naye. Soma namba za usajili zilizoandikwa kwenye omo, shika saa na mahali, watafute mashahidi, kisha wapelekee habari Polisi wa Maji, ambao makao yao yako Gilford. Nawe ukikodi boti yenye injini inayozidi nguvu za farasi 25, kumbuka kuwa wadaiwa cheti cha uendeshaji.

Iko haki nyingine isiyotumiwa sana. Watu 25 wa kila mji uliopakana na ziwa fulani, wawe wakaazi au wenye mali hapo, waweza kumpelekea Kamishna wa Usalama arzihali ya kutaka ziwa lao liwekewe kipimo cha mwendo au cha ukubwa wa injini, naye baada ya kutangaza na kuwasikiliza watu hutoa uamuzi. Mpangaji ni mkaazi, wala maneno ya sheria hayakumtaka awe na kiwanja. Illa Winnipesaukee kipimo chake kimo katika sheria yenyewe, na mwenye kutaka kibadilishwe hana budi kumwendea mjumbe wake wa baraza la kutunga sheria, kisha aende Concord siku mswada utakaposikilizwa hadharani, ajiandikishe, aseme.