Usafi hauishii mlangoni kwako

Katika safu hii tumezoea kuzungumzia usafi wa mwili, chakula na nyumba. Leo, Insha Allah, tutoke nje ya mlango. Somo linawahusu hasa ndugu zetu wa Kakola na vijiji vingine vinavyozunguka mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, wilayani Kahama, lakini popote ulipo lina faida kwako.

Tuchukue mfano. Mama anadeki nyumba, anafunika mtungi, ananawisha watoto mikono. Jirani amechimba choo hatua chache tu kutoka kisima cha mtaa. Mvua zikianza choo kinafurika, uchafu unaingia kisimani. Watoto wa mama yule wanaharisha sawa na watoto wa jirani. Je, mama amekosea wapi? Nyumbani hajakosea. Tatizo liko mahali ambapo fagio lake halifiki.

Dhahabu huvuta watu wengi kwa muda mfupi. Nyumba hubanana, vyoo husogelea visima na taka hukosa mahali pa kutupwa. Hapo ndipo kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu hupata njia. Wataalamu hushauri choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na kisiwe upande wa juu wa mteremko. Mtume (S.A.W.) alikataza kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, njiani na vivulini. Zingatia kuwa sehemu zote tatu ni za watu wote, basi kuzilinda nako ni kazi ya wote.

Utailindaje sehemu ya wote? Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imeweka mkutano mkuu wa kijiji. Wajumbe wake ni wakazi wote waliofikia miaka 18, wanaume na wanawake. Hukutana walau kila miezi mitatu, na hapo ndipo uongozi unapotakiwa kueleza mapato na matumizi. Baba, usimwache mkeo nyumbani siku hiyo. Anayeteka maji ndiye anayejua bomba gani limekauka na tangu lini.

Huenda ukasema kijiji hakina fedha. Fahamu mambo mawili. Kwanza, mwaka 2014 kampuni iliyokuwa ikiendesha mgodi ilikubali kulipa halmashauri ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mapato, badala ya dola 200,000 kwa mwaka za awali. Pili, marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye mgodi aandae kila mwaka mpango wa kusaidia jamii na kukubaliana na halmashauri. Halmashauri nayo inatakiwa kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi hiyo. Kwa hiyo unapouliza, hufanyi fujo. Unadai unachostahili kuelezwa.

Nenda na maswali machache yaliyo wazi:

1. Mwaka huu kijiji chetu kimepangiwa mradi gani wa maji, choo cha shule au zahanati? Ni wa shilingi ngapi?
2. Nani anausimamia, na utakamilika lini?
3. Kisima cha mtaa kilipimwa lini mara ya mwisho, na majibu yalikuwaje?
4. Dampo liko wapi, na nani anazoa taka?

Omba majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Mkutano ujao uliza tena kwa adabu, ukianzia pale mlipoishia. Usipopata jibu, mwone diwani na bwana afya wa kata.

Wakati unasubiri, chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote, yafunike, na zungumza na jirani yako kuhusu choo chake kabla ya mvua. Anayekaa kimya leo, kesho atakuwa kwenye foleni ya zahanati na mtoto mgongoni.

Wabillahi tawfiiq.