Magurudumu ya mashine: anza na njia, siyo na bei

Mavuno ya mpunga yakikaribia, vikundi vingi huanza kutengeneza mashine zao, na swali ninaloulizwa sana ni hili: "Bwana shamba, tuweke magurudumu gani ili mashine ihamishike bila kubebwa na watu sita?"

Kabla sijajibu, niwaambie kosa langu. Misimu miwili iliyopita kikundi kimoja cha akina mama huku upande wa Itungi walinunua mashine ya kupura mpunga. Mashine na injini yake ya dizeli vilikuwa kama kilo 240. Waliniuliza, nikagawanya kwa magurudumu manne, nikapata kilo 60 kila moja. Nikawaambia wanunue ya nailoni ya kilo 60, madogo ya sentimita 10, kwa sababu yalikuwa bei rahisi. Ndani ya ghala yaliteleza vizuri, tukapiga makofi. Siku ya kuitoa nje, gurudumu la mbele likakwama kwenye kizingiti cha mlango. Walioko nyuma wakaongeza nguvu, bamba la gurudumu likapinda, mashine ikalala upande. Mama mmoja alivunjika vidole viwili vya mguu, na msimu ule hakuvuna mwenyewe. Alikuwa amefuata ushauri wangu. Somo la leo limetoka hapo.

1. Tembea njia kwanza

Usiende dukani kabla hujapita kwa miguu kila mahali mashine itakapopita. Mimi niliangalia sakafu ya ghala tu, nikasahau kizingiti na uwanja. Gurudumu huchaguliwa kwa sehemu mbaya kuliko zote njiani, hata kama ni hatua moja tu.

Ukubwa ndio wenye kazi hapo. Chukua kizuizi cha sentimita 2 tu. Gurudumu la sentimita 10 linahitaji msukumo unaozidi uzito wenyewe lililobeba ili lipande. La sentimita 20 linahitaji kama robo tatu ya uzito huo. Tairi la sentimita 40, kama la toroli la ujenzi, halifikii hata nusu. Kwa hiyo mashine ikikwama, usiite watu zaidi wa kusukuma. Simama, weka ubao wa kupandia.

2. Gawanya kwa tatu, siyo kwa nne

Sakafu zetu hazijanyooka. Mashine ya magurudumu manne mara nyingi husimama kwa matatu, la nne linaelea. Ndiyo maana tunagawanya uzito wote kwa tatu. Kilo 240 gawanya kwa 3 ni kilo 80. Basi nunua la kilo 100 au zaidi, maana na mtikisiko nao ni mzigo. Usisahau kuhesabu injini, mafuta na chochote mtakachopandisha juu. Kama gurudumu halijaandikwa uwezo wake na muuzaji hajui, liache.

3. Aina na mahali pake

Nailoni: gumu, hubeba mzigo mkubwa na husukumika kirahisi kwenye saruji laini. Kwenye kokoto na vizingiti ni tabu.

Raba: hutulia kwenye sakafu ya mashimomashimo na haina kelele. Lakini dizeli, oili na mawese huiharibu, na mashine ikisimama miezi mingi mahali pamoja raba hubonyea upande mmoja. Ukimaliza msimu, inua fremu uiweke juu ya matofali.

Chuma: kinavumilia moto na uzito, ila kwa mvua zetu za Kyela kitapata kutu usipokitunza.

Tairi la upepo: hili ndilo la uwanjani, kwenye mchanga wa pwani ya ziwa na udongo wetu wa mfinyanzi. Kwenye tope zito hata hili linazama. Subiri pakauke au tandika mbao.

Kwa hiyo meza ya kuchambulia kakao ndani ya ghala inatosha kwa magurudumu madogo. Mashine ya kupura inayotoka uwanjani weka tairi.

4. Kufunga

Weka mawili yanayogeuka na mawili yasiyogeuka. Yanayogeuka yakae upande wa mpini, unapoongozea. Yote manne yakigeuka, kwenye mteremko mashine inakwenda inakotaka yenyewe.

Dukani ukitaja kasta wengine watakuelewa. Kama siyo, sema gurudumu lenye bamba la matundu manne. Lifunge kwa bolti na nati za kukaza, na fundi asichomelee bamba likiwa na gurudumu lake, kwa sababu moto unaharibu grisi na beringi. Afadhali achomelee kwanza kipande cha bamba kwenye fremu, kisha mfunge bolti. Magurudumu yakae kwenye pembe za mwisho za fremu. Yakisogea katikati, mashine inapinduka kirahisi.

5. Kazini

Magurudumu ni ya kuhamishia. Mashine ikianza kupura, hata yenye breki, inatetema na kutembea. Ishushe kwenye miguu yake au uweke magogo pande zote.

Kabla ya kuhamisha, zima injini na iache ipoe. Sukuma, usivute ukirudi kinyumenyume. Kwenye mteremko hakuna mtu kukaa upande wa chini; waliopo juu waizuie kwa kamba. Na mashine ikianza kulala, iache ilale. Chuma kinanyooshwa kwa fundi.

Kila baada ya wiki mbili za kazi, kaza nati, toa nyuzi za mabua zilizojiviringisha kwenye ekseli, tia grisi.

Wale akina mama sasa wana tairi mbili kubwa nyuma na magurudumu mawili ya raba yanayogeuka mbele, na kizingiti tumekijengea mteremko wa saruji. Ule mteremko ulichukua nusu mfuko wa saruji. Tungeanza na huo, yule mama angevuna mwenyewe.

Ukiniona njiani na pikipiki, nisimamishe. Twende tukaitembee njia yako pamoja kabla hujatoa hela.