SOMO LA ROBO HII: MKIMBIAJI ASIYE NA CHIPU

Mbio za hisani ni njia mojawapo ya kuchangia miradi yetu. Zinahitaji utaratibu.

Chipu hufungwa kwenye kiatu au nyuma ya namba ya kifuani. Mkimbiaji akikanyaga mkeka wa kuanzia na wa kumalizia, mtambo huandika muda wake. Asiye na chipu hupita bila kuandikwa. Wengine wamesajiliwa ila chipu imedondoka. Wengine wamejiingiza bila kujisajili. Tusiwachanganye.

1. Mwisho wa mbio wawepo watu wawili: mmoja asome namba na saa, mwingine aandike daftarini.

2. Wasimamizi wawepo pia katikati ya njia. Mwaka 1980 huko Boston, Marekani, kabla ya chipu kutumika, Rosie Ruiz alitangazwa mshindi wa wanawake. Ikabainika hakukimbia njia yote, na ushindi akapewa Jacqueline Gareau.

3. Aliyesajiliwa apewe muda wa daftari. Asiyesajiliwa aelekezwe pembeni kwa upole kabla ya mstari wa mwisho, wala asipewe medali.

4. Huduma ya kwanza ni ya wote. Mtu akianguka, haulizwi namba.

2 Timotheo 2:5 hutukumbusha kwamba taji ni la aliyefuata kanuni. Tukikosa uaminifu katika matokeo, nani ataamini hesabu zetu za fedha?

Jadilini: Katika usharika wenu, nani atashika daftari?