Bandu Bandu Huisha Gogo: Baraza la Mji wa Woking na Upunguzaji wa Gesijoto

Utangulizi

Gesijoto ni gesi zinazozuia joto la dunia kutoroka angani. Mojawapo ni hewa ya ukaa, itokanayo hasa na uchomaji wa makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia. Suala hili aghalabu huachiwa serikali kuu na mikutano ya kimataifa. Hata hivyo, baraza la Woking, mji ulio kusini-magharibi mwa London nchini Uingereza, lilianza kulishughulikia mapema miaka ya 1990, kabla ya Itifaki ya Kyoto ya 1997.

Mbinu zilizotumika

Mbinu ya kwanza ilikuwa ya kihasibu. Baraza lilitenga takriban pauni 250,000 za kupunguza matumizi ya nishati katika majengo yake. Fedha zilizookolewa kwenye malipo ya umeme na gesi hazikuelekezwa kwingine, bali zilirejeshwa mfukoni ili zigharimie hatua iliyofuata. Hivyo, akiba moja ilizaa nyingine.

Mbinu ya pili ilihusu uzalishaji wa umeme. Katika mitambo mingi mikubwa ya kuchoma makaa ya mawe, zaidi ya nusu ya nishati hupotea kama joto. Umeme wenyewe nao hupungua njiani kwenye nyaya. Woking ilijenga mitambo midogo ya gesi asilia karibu na watumiaji. Umeme ulisafirishwa kwa nyaya za mradi wenyewe, nalo joto likapitishwa mabombani kupasha majengo. Kampuni ya Thameswey iliundwa mwaka wa 1999 kuendeleza kazi hiyo.

Matokeo

Kufikia 2004, matumizi ya nishati katika majengo ya baraza yalikuwa yamepungua kwa takriban nusu, na hewa ya ukaa kwa zaidi ya robo tatu, ikilinganishwa na mwanzo wa mpango. Aidha, mwaka wa 2001 baraza lilitunukiwa Tuzo ya Malkia kwa maendeleo endelevu.

Kasoro

Gesi asilia, ijapotumiwa kwa uangalifu, bado hutoa hewa ya ukaa. Isitoshe, katika miaka iliyofuata baraza lilikopa fedha nyingi na kuzikopesha kampuni zake, Thameswey ikiwemo, hasa kwa ujenzi wa majumba. Juni 2023 lilitangaza kwamba haliwezi kumudu matumizi yake: lilikabiliwa na upungufu wa pauni bilioni 1.2, ilhali fedha zake za msingi kwa mwaka zilikuwa pauni milioni 16.

Hitimisho

Kisa cha Woking chabainisha kwamba baraza dogo laweza kupunguza gesijoto pasipo kungoja amri kutoka juu. Bandu bandu huisha gogo. Mfuko wa 1990 ulikua kwa kile ulichookoa. Madeni ya baadaye yalitegemea mapato yaliyotarajiwa. Anayetaka kumwiga Woking hana budi kutenganisha mambo hayo mawili.