SHABA KATIKA MAJI NA VIDONGE: NI DAWA AU NI SUMU?



Baadhi yenu mmeuliza kama maji yanayopita kwenye koki za shaba yanadhuru, na kama inafaa kununua vidonge vyenye shaba vya "kuongeza damu".

Tujue kwanza kwamba mwili unahitaji shaba. Huusaidia kutumia madini ya chuma katika kutengeneza damu. Mtu mzima huhitaji karibu miligramu 1 tu kwa siku, nayo hupatikana katika maharagwe, karanga, ufuta na maini. Anayekula maharagwe mara kwa mara ni nadra kuikosa. Ukiona umepungukiwa damu, nenda zahanati upimwe. Mara nyingi chanzo ni upungufu wa chuma, malaria au minyoo, na kidonge cha shaba hakitakusaidia. Hiyo ni pesa ya sabuni inapotea bure.

Katika maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 2 kwa lita. Shaba ikizidi sana maji huwa na ladha chungu ya madini, na anayeyanywa huumwa tumbo, hutapika na kuharisha. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi shaba. Lakini msichanganye mambo: maji mekundu yana kutu ya chuma, na ile harufu kali ni ya klorini. Usiache maji ya bomba kwa sababu ya harufu hiyo ukaenda kuchota mtoni. Huko kuna kipindupindu, ambacho huweza kuua kwa saa chache.

Mwenye sufuria ya shaba asiweke ndani yake maji ya ndimu, togwa wala pombe. Uchachu hula shaba na kuiingiza katika kinywaji.

Hatari kubwa ni mrututu, ile chumvi ya bluu ambayo wengine hupaka vidonda na wakulima hutumia kwenye mibuni. Mrututu ni shaba kali. Ukimezwa huunguza tumbo, huharibu ini na figo, na unaweza kuua. Usiunywe kwa ajili ya minyoo wala kwa kujitapisha, hata akikushauri mzee unayemheshimu. Dumu lililobeba dawa ya shamba lisichotewe maji, hata likioshwa mara kumi.

Mtoto akimeza mrututu, msimlazimishe kutapika. Mkimbizeni zahanati saa hiyo hiyo, usiku au mchana, na mchukue karatasi au chupa iliyokuwa na dawa hiyo ili mganga aione.