Paka Wengi, Boma Moja: Mwongozo kwa Wafugaji wa Kaplong

Katika maboma ya Kaplong, paka huletwa kwa kazi: kuwinda panya wa ghala la mahindi. Lakini jike huanza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, na huzaa baada ya siku 65 hivi. Boma lililoanza na paka mmoja hujikuta na watano kabla ya mwaka kwisha. Malalamiko nayo hufuata: mkojo kwenye godoro, vita vya usiku juu ya mabati, paka mdogo anayefukuzwa kila akikaribia jikoni. Wengi huita tabia hizo ukaidi, na fimbo hutolewa. Fimbo humzidishia paka hofu, na paka mwenye hofu hukojoa ovyo zaidi.

Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulithibitisha kwamba paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa jamii ya Felis lybica, ambaye huwinda peke yake na bado yumo katika mbuga za Kenya. Paka hukaa kundi pale tu chakula kinapotosha, kama inavyoonekana Lamu penye masalio ya samaki. Na kwa kawaida kundi hilo hujengwa na majike wa ukoo mmoja.

Kwa hiyo sufuria moja ya ugali na maziwa kwa paka watano ni chanzo cha ugomvi. Kila paka apewe chombo chake, mahali ambapo hatazamwi na mwenzake akila. Ugali peke yake haumtoshi. Omena humfaa kuliko maziwa, ambayo huwaharisha paka wengi wakubwa.

Mvua ikinyesha siku nzima, paka hawataki kwenda shambani kujisaidia. Mabeseni yenye udongo mkavu au vumbi la mbao huokoa godoro, na idadi yake ipite ya paka kwa moja. Yasipangwe pamoja, maana paka mbabe huketi njiani akawazuia wengine wote. Yasafishwe kila siku, kwa sababu vimelea vya toksoplasma vilivyomo kinyesini huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Mama mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo.

Dume anayesimama, akatikisa mkia na kurusha mkojo ukutani anatia alama ya mipaka yake. Akihasiwa na daktari wa mifugo, tabia hiyo hupungua sana kwa madume walio wengi, na majike wakifungwa kizazi ongezeko la paka hukoma. Dume anayejikamua bila mkojo kutoka ni habari nyingine kabisa: njia imeziba, anaweza kufa katika siku chache, na apelekwe kutibiwa siku hiyohiyo.

Paka mgeni asitupwe katikati ya wenyeji. Akae chumba chake kwa wiki moja hivi, huku kitambaa alicholalia kikipelekwa kwa wenzake na chao kikiletwa kwake, hadi harufu izoeleke. Kisha walishwe pande mbili za mlango uliofungwa kabla ya kuonana.

Onyo kubwa kwa eneo hili la ng'ombe wa maziwa linahusu dawa ya kupe. Viroboto wakizidi, baadhi ya wafugaji humnyunyizia paka dawa iliyobaki baada ya kuogesha ng'ombe. Permethrini na amitrazi, viambato vya baadhi ya dawa hizo, ni sumu kwake. Paka aliyepatwa na permethrini hutetemeka, hupata degedege, na huweza kufa. Akirushiwa kwa bahati mbaya, aoshwe kwa sabuni na maji vuguvugu, kisha apelekwe kwa daktari pamoja na chupa ya dawa. Panadoli pia huua paka, hata kipande kidogo.

Paka wanaopigana na wageni wa usiku wanahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa kuwa ugonjwa huo huwapata pia. Mtoto akiumwa au kuparurwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitalini mara moja, hata kama paka ni wa nyumbani.