Je, Ardhi Yatembea?

Mwezi wa Machi mwaka 2018, baada ya mvua kubwa, palifunguka ufa mrefu karibu na Mai Mahiu, ukaikata barabara ya kwendea Narok. Khabari zikaenea mijini kwamba Afrika yapasuka mapande mawili. Wako walioingiwa na khofu, na wako waliocheka wakasema bara haliwezi kutembea. Aliyekhofu na aliyecheka wote walihukumu kabla ya kutaka dalili. Kwa hivyo tumeona ni vyema kueleza asili ya kauli hii, kwa nini wenye ilimu waliikataa zaidi ya miaka arobaini, na ni kitu gani kilichowarudisha.

Ama ufa wenyewe wa Mai Mahiu, wataalamu wengi walisema umefanywa na maji. Udongo wa pale ni jivu la volkano, na mvua ililichimba chini kwa chini mpaka juu pakaporomoka. Lakini hii haina maana kwamba Bonde la Ufa limetulia. Msafiri atokaye Mombasa kuja kwetu Kanduyi huteremka ukingoni baada ya Limuru, akapita Naivasha na Nakuru, kisha akapanda tena mpaka Timboroa. Hapo huwa amevuka mpaka wa mapande mawili ya gamba la ardhi. Nduguye aliyebaki Mombasa yuko juu ya pande la Somalia, naye yuko juu ya pande dogo lililopewa jina la ziwa Victoria. Mapande haya yaachana milimita chache tu kwa mwaka, kama inavyopimwa leo kwa setilaiti. Ukucha wa mkono hukua kwa haraka kuliko hivyo.

Mwenye kauli hii ni Alfred Wegener, Mjerumani, mtu wa ilimu ya hali ya hewa wala si ya mawe. Alihutubu mjini Frankfurt Januari 1912 akasema kuwa mabara yote yalikuwa bara moja kisha yakatengana, na mwaka 1915 akatoa kitabu. Wengi hudhani hoja yake ilikuwa ni ramani tu, jinsi ubavu wa Brazil unavyoingia katika ghuba ya Afrika ya Magharibi. Hilo lilikwisha kuonwa zamani. Hoja zake zenye nguvu ni nyingine: mifupa ya mjusi mdogo wa majini, asiyeweza kuivuka bahari kuu, iliyopatikana Afrika ya Kusini na Amerika ya Kusini tu, na alama za barafu kuu ya kale katika nchi za jua kama India.

Waliomkataa yatupasa tuwafanyie insafu. Walimwuliza: ni nguvu gani iwezayo kusukuma bara? Wegener akataja mzunguko wa dunia na mvuto wa mwezi na jua. Harold Jeffreys, Mwingereza, akapiga hisabu akaonyesha kuwa nguvu hizo ni dhaifu mno. Katika hili Jeffreys alikuwa na haki. Kosa lao ni kuwa walipoivunja sababu walidhani wamelivunja na jambo lenyewe. Mababu zetu wa pwani walijua bamvua na maji mafu, wakasafiri kwa hisabu yake, kabla ya kuelezwa ni nini kinachoyavuta maji. Wegener alikufa Greenland mwaka 1930 kauli yake ikiwa bado yakataliwa na wengi. Arthur Holmes alikwisha kusema kuwa moto wa ndani ya ardhi huyapandisha na kuyashusha mawe polepole mno, kama uji utokotao chunguni, na mabara huchukuliwa juu yake. Lakini waliomsikiliza walikuwa wachache.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1893 J. W. Gregory alilipita Bonde la Ufa akasema ni ardhi iliyotumbukia baina ya nyufa mbili. Baada yake, mwaka 1933 na 1934, alikuja Edward Bullard wa Cambridge, akapima mvuto wa ardhi mahala pengi Afrika ya Mashariki kwa uzito unaobembea. Akakuta mvuto umepungua bondeni. Akahukumu kuwa kingo mbili zasukumana, nazo ndizo zinazoikandamiza sakafu ya bonde isipande. Yaani kinyume kabisa cha kufunguka!

Jawabu lilitoka baharini, tena katika bahari hii hii ya majahazi yetu. Mwaka 1962 Drummond Matthews alisafiri na manowari ya Kiingereza iitwayo Owen, akapima usumaku juu ya safu ya milima iliyozama katika Bahari ya Hindi, iitwayo Carlsberg. Nahodha ajuaye dira atafahamu upesi. Mawe ya moto yapoapo, chembe za chuma ndani yake huelekea kaskazini kama sindano ya dira, zikabaki hivyo. Na usumaku wa dunia hugeuka kila baada ya zama, kaskazini ikawa kusini. Mwaka 1963 Matthews na mwanafunzi wake Fred Vine walisema: ikiwa sakafu ya bahari yazaliwa pale safuni na kusogea pande zote mbili, basi lazima mistari ya usumaku ionekane huku na huku kwa mpangilio mmoja. Vipimo vilivyofuata vikawasadikisha, na kufikia mwisho wa miaka ya 1960 wengi walikuwa wamekubali.

Mkuu wa idara yao Cambridge alikuwa ni nani? Ni yule yule Bullard. Yeye na wenziwe wawili waliyaunganisha mabara kwa kompyuta, wakafuata ukingo wa mabara ulio chini ya maji badala ya ufuo, na matokeo yakachapishwa mwaka 1965. Vipimo vyake vya bondeni havikufutwa. Kilichobadilika ni tafsiri, kwani sasa yafahamika kuwa chini yetu kuna mawe ya moto, mepesi, na ardhi yavutika.

Kisiwa cha Bukini kiliendelea kubishaniwa. Wengine walisema kimetoka Msumbiji, wengine kwamba hakikuondoka kamwe. Mwaka 1983 Rabinowitz, Coffin na Falvey waliisoma mistari ya usumaku katika bahari iliyo mbele ya Somalia na Kenya. Wakaikuta yalala mashariki kwa magharibi, yaani kilichoondoka hapo kilikwenda kusini. Bukini kilikuwa kimeshikamana na pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania, na kilianza safari yake yapata miaka milioni 160 iliyopita.